Tarehe za Shamba la Bi Chausiku

Yusta mwanangu,

Siulizi hali yako, kwa sababu nimekuona mchana huu ukitoka kwenda kuwaaga wenzako wa kwaya, na kwa mwendo wako nimejua huna homa wala njaa. Una hasira tu. Hasira hiyo ina miezi miwili sasa, na aliyeisababisha ni mimi.

Kesho asubuhi utapanda basi hapo Mlandizi kwenda Morogoro kuanza chuo. Mambo ya chandarua, ya chakula, ya kufunga mlango na ya kuchagua marafiki nimeyaacha. Baba yako ameshayaandika kwenye karatasi ya manila kama mtu anayeandaa somo la darasa la nne, na shangazi yako atayarudia kwenye simu mpaka uyajue kwa moyo. Mimi nakuandikia jambo moja tu, lile faili la mihogo nililokukataza kuliweka mtandaoni. Nilikupa sababu ya kukukataza, na sababu ile haikuwa ya kweli. Sitaki uondoke ukidhani ndiyo niliyokuwa nayo.

Nianze mbali kidogo, kwa sababu sehemu nyingine hukuwahi kuisikia.

Unajua mimi nilisomeshwa na masista kule Tabora. Tulifundishwa kwamba daftari lisilo na tarehe si daftari. Sista wa hesabu alikuwa akipita kati ya madawati, akikuta ukurasa hauna tarehe kwenye kona ya kulia, anaufunga, anakurudishia, na kazi yote uliyoifanya siku hiyo haihesabiki. Hakuwa mkali, ila alikuwa harudii neno. Nilitoka pale nikiandika tarehe hadi kwenye orodha ya sokoni. Nilipoajiriwa kuwa afisa ugani na kuletwa huku Pwani, wakulima wa Gwata walikuwa wakinicheka: "Bibi shamba huyu hata akikohoa anaandika tarehe."

Basi mtu wa namna hiyo ndiye aliyekuja kupoteza tarehe za misimu mitatu.

Ulikuwa bado hujaanza shule wakati muhogo ulipoanza kuoza ardhini. Mti ukiuangalia unaona umestawi, majani yana madoa ya njano kidogo tu, lakini ukichimba na kumenya unakuta ndani pana mabaka ya kahawia, makavu kama ubao, hayaivi hata ukichemsha mpaka kesho. Watu walikuwa wanachimba shamba zima na kuondoka na nusu kikapu. Nilijiwekea kazi ya kuyapitia mashamba, kuanzia Gwata, kisha Dutumi, kisha kuvuka upande wa Kisarawe, kijiji kwa kijiji, nikihesabu mashina yenye ugonjwa na kuuliza kila mkulima pingili zake za kupanda alizitoa wapi. Nilitaka kujua ugonjwa ulianzia wapi, ili tujue mbegu ipi isisambazwe. Hakuna aliyenituma. Nilikuwa nafanya kwa moyo, na nilikuwa najivunia.

Ofisini tulikuwa na kompyuta moja. Kwa hesabu za namna ile nilihitaji programu ya takwimu, na ile iliyokuwa inasifiwa ilikuwa ya kununua, kwa bei ambayo ofisi yetu isingeweza hata kuitamka kwenye kikao. Pale Mlandizi alikuwepo fundi mmoja, Sudi, aliyekuwa na stesheneri karibu na stendi. Aliniwekea ile ya majaribio, ya siku thelathini.

Nikamuuliza, "Zikiisha?"

Sudi akacheka. "Bibi shamba, kompyuta haina akili. Kabla hujaifungua programu, nenda kwenye saa, rudisha tarehe nyuma. Yenyewe itaamini ni siku ile ile."

"Si wizi huo?"

"Wizi wa nini? Umemwibia nani tarehe?"

Nikacheka na mimi. Ilikuwa mwezi wa Machi. Nikajiwekea utaratibu: kila nikikaa kuingiza takwimu, kwanza narudisha saa ya kompyuta hadi Machi kumi na mbili, ndipo nafungua programu. Nilifanya hivyo kwa uangalifu ule ule niliofundishwa na masista. Nje mvua zilinyesha na kukoma, watu walipanda na kuvuna, wewe ukang'oka meno ya mbele yakaota mengine. Ndani ya kompyuta ile ilikuwa Machi kumi na mbili kwa miaka mitatu.

Sasa, kosa lenyewe. Fomu niliyoitengeneza kwenye programu ilikuwa inajaza tarehe yenyewe kila nikiingiza shamba jipya. Niliona ni jambo zuri, limenipunguzia kazi. Kwenye karatasi zangu za shambani nikaacha kuandika tarehe, kwa kuwa mashine itaandika. Hata mara moja sikuyaweka mambo hayo mawili pamoja kichwani. Nilijua tarehe ya kompyuta ni ya uongo, na nilijua fomu inachukua tarehe ya kompyuta. Nilijua yote mawili, kila moja kwenye chumba chake.

Halafu tukaitwa kwenye mkutano mkubwa wa wakulima. Nikaambiwa leo kwamba kesho natakiwa niseme ugonjwa ulianzia wapi. Nilikuwa na alasiri moja. Nikachagua mashamba yenye ugonjwa, nikaiamuru programu iyapange kwa tarehe, nikaangalia la kwanza juu. Lilikuwa shamba la Bi Chausiku, upande wa Kisarawe. Sikuangalia tarehe yenyewe ilikuwa ngapi, niliangalia jina tu. Nikaandika ripoti, nikaweka sahihi.

Bi Chausiku unamfahamu, lakini hukumfahamu wakati ule. Ni Mzaramo, mjane, na shamba lake ndilo lililokuwa ghala la pingili la upande wote ule. Huku kwetu mbegu ya muhogo haiuzwi kwa jirani. Unaenda, unaamkia, unaomba, unapewa mzigo, na siku yako ikifika na wewe unampa mwingine. Watu walikuwa wanatoka Gwata na Dutumi kwenda kuomba kwake, kwa sababu ule muhogo wake ulikuwa mtamu wa kutafuna mbichi. Hakuwahi kumrudisha mtu mikono mitupu, na sidhani kama kuna kitu kilichompa heshima zaidi ya hicho.

Pale mkutanoni jina lake lilisomwa kwenye kipaza sauti. Hakutukanwa na mtu. Ilisemwa tu kwamba kwa mujibu wa utafiti, chanzo cha pingili zenye ugonjwa ni shamba la mama huyu, na kwamba mashina yake yang'olewe na kuchomwa. Alikuwa amekaa mstari wa pili. Alinitazama mimi, hakumtazama aliyekuwa anasoma.

Wiki mbili baadaye nilifungua tena faili ili nichore mchoro wa kupeleka mkoani, na ndipo nikaona safu ya tarehe. Machi kumi na mbili, Machi kumi na mbili, Machi kumi na mbili, kurasa na kurasa. Na juu kabisa, peke yake, Machi kumi na moja. Kumbe siku niliyoingiza shamba la Bi Chausiku kidole kiliteleza, nikairudisha saa nyuma kwa siku moja zaidi. Siku hiyo niliingiza shamba lake tu. Hakuwa wa kwanza hata kidogo. Kwa kadiri nilivyokumbuka nilifika kwake msimu wa mwisho, nikiwa nimeshaona ugonjwa ule ule Dutumi na Gwata muda mrefu kabla.

Nilifunga kompyuta. Nikajiambia nitasubiri nipate uhakika. Nikajiambia sina ushahidi wa tarehe halisi. Nikajiambia pia kwamba programu yenyewe ni ya wizi, nitaanzaje kueleza? Miezi michache baadaye programu ilikataa kabisa kufunguka, ujanja wa Sudi ukawa haufanyi kazi tena, na faili likabaki limefungiwa ndani ya lugha ambayo programu ile peke yake ndiyo iliyoijua. Mwanangu, nilishukuru. Nilimshukuru Mungu kabisa, nimepiga magoti, kwamba faili halifunguki.

Huyo ndiye mama yako. Miaka kumi na moja.

Kuna jambo jingine linaloniuma zaidi ya hilo, nalo ni la utani. Unajua sisi Wanyamwezi na Wazaramo ni watani. Tangu nifike huku nimetaniwa na kutania mpaka misibani. Baada ya ule mkutano, kila nilipokutana na Bi Chausiku sokoni Mlandizi, alikuwa ananipigia kelele kutoka mbali: "Mnyamwezi mbeba mizigo! Leo umebeba kalamu ya kumuua nani?" Na mimi namjibu, "Mzaramo wewe, nenda ukalime, ngoma imekwisha!" Watu wote wanacheka, naye anacheka. Niliuchukua kuwa utani. Nilipenda uwe utani, kwa sababu mtani hadai majibu. Miaka yote ile mwanamke yule alikuwa ananiuliza swali mbele za watu, kwa njia pekee ambayo isingenivunjia heshima, na mimi nilikuwa namjibu kwa kichekesho.

Sasa tuje kwako.

Ulipomaliza kidato cha sita ukakaa nyumbani kusubiri chuo, nilidhani utalala na kuangalia simu. Badala yake ukaanza kujifunza takwimu kwenye ile kompyuta ya mkononi ya baba yako, kwa programu huria. Nilikuuliza mwenye nayo ni nani, ukaniambia, "Ni ya yeyote, mama. Imeandikwa na watu wengi, na kila mtu anaweza kuona ilivyoandikwa." Sikuamini. Nilikuuliza siku zake za majaribio ni ngapi. Ulicheka hadi ukamwaga chai.

Ndipo ukaniomba faili langu la zamani ulifanyie mazoezi. Nilikupa kwa moyo mweupe, nikijua halifunguki. Hukunieleza chochote kwa siku tatu. Siku ya nne ulikuja jikoni umebeba kompyuta wazi mikononi, mimi nikichambua mchele.

"Mama, kuna watu wametengeneza kifaa cha kusoma mafaili ya ile programu. Wameweka bure. Limefunguka."

Nikaendelea kuchambua mchele.

"Lakini mama, mbona mashamba yote yamesimama mstari mmoja? Misimu mitatu yote ni Machi?"

Nilikuambia kompyuta za zamani zilikuwa na matatizo. Ulinitazama vile Bi Chausiku alivyonitazama, ukaondoka. Kesho yake ukarudi. Ulikuwa umegundua kwamba kila shamba lina namba ya mfululizo ambayo programu iliipa bila kuangalia saa, na kwamba kwa namba zile shamba la Bi Chausiku linakuja karibu na mwisho, nyuma ya mashamba mengi ya Dutumi na Gwata yenye ugonjwa. Jambo nililosema halina ushahidi lilikuwa mle ndani muda wote. Ulikuwa umefurahi. Ulidhani umeniletea zawadi. Ukasema utaandika maelezo, uweke faili, uweke na hatua zote za hesabu mahali pa wazi mtandaoni, ili mtu yeyote azirudie mwenyewe na kuona.

Hapo ndipo nilipokupigia kelele. Nakumbuka maneno yangu yote. "Unataka tuitwe? Hujui mtandao una sheria? Hukuona zile siku mtandao ulipokatika, watu wanatafutana hawajuani walipo? Watoto wa watu wameandika sentensi moja wamejikuta wanaulizwa maswali. Weka hiyo takwimu uone. Na mimi nipoteze kazi!"

Ukasema, "Mama, ni mihogo."

Nikasema, "Hakuna cha mihogo. Utafuta, na utaniapia."

Uliapa. Na ukaniambia kwa sauti ya chini kwamba ukifika chuo utasoma upate cheti chako, basi, na kwamba hutaandika kitu chochote ambacho mtu mwingine atakisoma. Nilisema, "Ndiyo akili hiyo." Tangu siku hiyo unaniamkia na kunijibu vizuri, lakini hujaniambia habari.

Sikiliza. Sisemi hakuna cha kuogopa kule mtandaoni. Kipo, na wewe una macho. Zipo siku za kunyamaza na zipo siku za kumuuliza anayejua sheria kabla hujabonyeza. Lakini siku ile mimi sikuwa naogopa sheria. Nilichukua hofu ya kweli ya watu wengine nikaivaa kama kanga kufunika aibu yangu. Nilikuwa naogopa Bi Chausiku asome. Na ubaya wa kufanya hivyo ni kwamba nilikufundisha kuwa vitu hivyo viwili ni kimoja.

Juzi nilifanya jambo ambalo sikuwahi kulifanya kwa miaka kumi na moja: niliuliza. Nilimfuata mkuu wangu ofisini nikamwambia ripoti yangu ya zamani ina kosa, nataka kuisahihisha hadharani, mtandaoni, pamoja na takwimu zenyewe. Nilikuwa nimevaa gauni la Jumapili.

Akauliza, "Sahihi iliyopo ni ya nani?"

"Yangu."

"Takwimu nani alikutuma kukusanya?"

"Hakuna. Nilijituma."

Akawaza. "Majina ya wakulima?"

"Binti yangu ameyaondoa, kaweka namba."

"Basi sahihisha. Andika ni wewe, usiandike ni ofisi. Na nakala uniletee." Kisha akaniuliza kama nimekunywa chai.

Ilichukua muda mfupi kuliko kusubiri boda. Nilikuwa nimejikataza mwenyewe kwa niaba ya serikali, na serikali yenyewe haikuwa imeulizwa.

Leo asubuhi, wakati ulidhani nimekwenda sokoni kukununulia ndoo, nilikuwa nimekwenda kwa Bi Chausiku.

Nilimkuta uani anachambua korosho. Mahali palipokuwa na muhogo sasa pana nanasi, na nyuma yake mikorosho. Nikapiga hodi.

"Karibu. Nani? Aa, Mnyamwezi! Leo umepotea njia, soko liko huko ulikotoka."

"Shikamoo, Bi Chausiku."

"Marahaba. Kaa. Siyo hapo, hapo pana siafu, watakutania kunishinda mimi."

Nikakaa. Nikamwambia, "Leo sikuja kwa utani."

Akasimamisha mikono. "Mtani akisema hivyo kuna msiba. Nani kafa?"

Nikamweleza yote. Nilimweleza habari ya Sudi na saa ya kompyuta, nikamweleza Machi kumi na mbili na Machi kumi na moja, kwa maneno ya kawaida, na aliyaelewa kuliko nilivyotegemea. Alikuwa anatoa korosho mbaya na kuzitupa pembeni. Nilipomaliza alisema, "Kwa hiyo mashine ilidanganya."

"Hapana. Mimi ndiye niliyeidanganya."

"Ukajua lini?"

"Wiki mbili baada ya mkutano."

Akatupa korosho moja mbaya pembeni. Kisha akasema taratibu, kama mtu anayesoma mahali, "Wiki mbili. Mimi nilichoma shamba mwezi uliofuata. Nilichelewesha makusudi, nikisema labda bibi shamba atarudi kuangalia tena. Ungepanda boda wiki ile ungenikuta sijawasha kiberiti."

Yusta, sikulijua hilo. Miaka yote nilijiambia kwamba nilipogundua kosa, shamba lilikuwa limeshachomwa, kwa hiyo kusema kusingerudisha kitu. Sikuwahi kwenda kuangalia. Nililia, na yeye hakuninyamazisha. Alisubiri nimalize mwenyewe.

Halafu akasema, "Na muhogo wa Gwata uliendelea kuoza."

"Uliendelea."

"Maana walichoma kwangu wakabakiza kwao."

"Ndiyo."

Akatikisa ungo. "Haya, umeniambia mimi. Mimi nilikuwa najua shamba langu halikuanza. Usinieleze ninalolijua. Kawaeleze wale waliosikia."

Nikamwambia kuna namna ya kuweka mtandaoni. Akanikatisha: "Najua. Mwanao kanieleza."

Hivyo ndivyo nilivyojua kwamba ulikwenda kwake. Uliniapia kwamba hutaweka, na hukuweka, lakini ulikwenda kumuuliza anakumbuka nilifika kwake lini. Naye alikujibu kama alivyonijibu mimi leo: nilifika juma lile walipomtoa mwali mjukuu wake, nikapewa pilau, nikala nimesimama kwa sababu nilikuwa na haraka. Mjukuu yule sasa ana watoto wawili, na mama zake wanaujua mwaka aliotolewa. Tarehe iliyonishinda mimi kwa kompyuta ilikuwa inajulikana na nyumba nzima ya watu ambao sikuwauliza.

Nilimwambia kwamba wewe umeficha majina yote, kila mkulima ni namba, na kwamba hata yeye atakuwa namba. Nilidhani nampa habari njema.

"Langu lilisomwa kwenye kipaza sauti," akasema. "Kwenye kuchafuliwa nilikuwa Chausiku. Leo kwenye kusafishwa ndiyo niwe namba?"

"Unataka liandikwe?"

"Liandike. Na la baba yangu uliongeze, wasije wakadhani Chausiku mwingine."

Akanifungia korosho kwenye kipande cha kanga, akasema ni zako wewe, na nisizifungue njiani kwa kuwa anawajua Wanyamwezi. Ule haukuwa msamaha, sitaki nikudanganye. Nilimuuliza kama amenisamehe. Akasema, "Tutaona wakisoma."

Nilirudi nyumbani wewe ukiwa unajiandaa kutoka. Ulipotoka nilifungua kompyuta ya baba yako. Sikuwa na hakika kama ulifuta. Kumbe uliniapia kufuta na ukafuta kweli, hata kwenye lile folda la takataka hakuna. Nilikaa pale nikiwa nimeshika kichwa, kwa sababu kwa mara ya kwanza nilitaka mtoto wangu awe hajanitii.

Basi nilianza upya. Faili la zamani lilikuwa bado kwenye kile kidude changu cha kuhifadhia. Daftari lako la mazoezi lilikuwa mezani, na umeandika kila hatua, kwa Kiswahili, kama mtu anayemwandikia mwingine ambaye hajui. Kile kifaa cha kusomea mafaili nilikipata, na chini yake nilikuta maelezo ya mtu fulani wa mbali, simjui, anayeeleza kwamba alikitengeneza kwa sababu yeye pia alikuwa na kazi yake iliyofungiwa ndani ya programu iliyokufa. Nilisoma maelezo yale mara mbili. Hanijui mimi wala muhogo. Alitatua shida yake akaacha mlango wazi, akaenda zake, na kwa sababu hiyo mwanamke mmoja wa Kisarawe anaweza kupata jina lake. Sijui kama mtu huyo atakaa ajue.

Nilifuata hatua zako moja moja. Nilikosea mara nyingi. Mashine ilikuwa ikinirudishia maneno mekundu, nami nayasoma mpaka naelewa nilipokosea. Mtandao ulikuwa unakatika, lakini hesabu zenyewe hazikusimama, kwa kuwa programu iko humu humu ndani na haimwombi mtu ruhusa. Nilihitaji mtandao mwishoni tu, kwa ajili ya kupandisha. Ilipofika saa kumi mchoro ulitoka: mashamba ya Dutumi, ya Gwata, na nyuma kabisa, nukta moja ya Kisarawe.

Kisha nikaandika maelezo, kwa jina langu kamili na cheo changu. Nimeandika kwamba tarehe zote ni za uongo na jinsi zilivyokuwa za uongo. Nimeeleza habari ya saa ya kompyuta bila kumtaja Sudi, kwa sababu mkono uliorudisha saa ulikuwa wangu. Nimesema kwamba niligundua baada ya wiki mbili nikanyamaza, na kwamba jina la Bi Chausiku nimeliweka kwa idhini yake, na la baba yake. Tarehe mbaya sikuzibadilisha. Nimeziacha zilivyo, nikaweka safu nyingine pembeni yenye mpangilio wa namba zako, ili mtu aone zote mbili. Mwisho nimeandika kwamba kosa liligunduliwa na Yusta, binti yangu, kabla hajaanza chuo. Hilo sikukuomba ruhusa. Ukitaka niliondoe nitaliondoa.

Kazi imepanda mtandaoni. Iko wazi sasa hivi ninapoandika. Nakala ya mkuu nimeichapisha. Keshokutwa nitakwenda kwenye mkutano wa kijiji Dutumi, kisha Gwata, nikasome kwa mdomo, kwa sababu wengi wa waliosikia kipaza sauti kile hawaingii mtandaoni, na wanastahili kusikia kutoka mdomo ule ule. Sijui watasemaje. Pengine watanizomea. Pengine mtu wa Kisarawe atapita kwa Bi Chausiku kumwomba pingili, na hana tena za kutoa. Hilo siwezi kulirekebisha kwa faili lolote.

Kiapo nilichokuapisha nimekifuta. Cha kukuomba ninacho kimoja. Utakaposhuka Morogoro ukatulia, fungua kile nilichokiweka na ukipitie kama ulivyopitia lile faili la kwanza, bila kujali kwamba aliyeandika ni mama yako. Nina hakika nimekosea mahali, kwa kuwa nilikuwa na haraka na macho yangu si yale. Ukilikuta kosa, usinipigie simu kwanza. Andika pale pale chini ya jina langu, wote waone.

Mama yako